Mbona seti ya tatu haichezwi?

SWALI: Mhariri, katika mashindano ya tenisi ya wanaume ya ATP, mbona mechi za wawili wawili huisha haraka timu zikiwa zimegawana seti mbili za mwanzo?

JIBU: Ndugu msomaji, badala ya seti ya tatu timu hushindana nani atafika kwanza pointi 10, na mshindi lazima aongoze kwa pointi 2. Katika gemu za kawaida, yaani raundi fupi zinazounda seti, timu zikifungana 40–40 (kila moja ikiwa imepata pointi tatu), pointi moja tu huamua gemu, huku wapokeaji wakichagua nani kati yao apokee mpira. Hapo mwanzishaji, yaani anayepiga mpira wa kwanza, hubanwa kwelikweli, na mwenzake aliye wavuni huwa ameshaamua, kabla mpira haujapigwa, kama atabaki alipo au atavuka upande wa pili wa nusu yao ya uwanja. Naupenda sana mvutano huo. Katika Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, hata hivyo, seti ya tatu huchezwa kamili.