Nikisema ukweli, watanikatalia upasuaji?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 39, mama wa watoto watatu, naishi Ujiji na nauza dagaa na mawese pale Kibirizi. Nina kilo 128, urefu sentimita 158. Presha ninayo, magoti yamechoka, na bodaboda wengine wakiniona wanajifanya wana abiria. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amejitolea kunilipia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Nilikwenda, nikapimwa damu, sukari na moyo, halafu nikaambiwa nirudi mwezi ujao kuonana na mwanasaikolojia. Kaka amekasirika, anasema dada yake si mwendawazimu. Mimi hofu yangu ni nyingine. Tangu nimzike mwanangu mwaka 2019 nameza vidonge vya amitriptilini, dawa ya huzuni, na usiku naamka saa tisa, nakula gizani kiporo cha wali, migebuka, chochote kilichobaki, mpaka tumbo linauma, kisha nalia. Mume wangu hajui. Nikiyasema haya watanikatalia? Jirani kanishauri niache vidonge mapema nisije nikakutwa navyo. Upasuaji huu ukishindikana, sioni haja ya kuendelea kuishi.
Mama wa Ujiji

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye sentensi ya mwisho. Nimeuguza wagonjwa wa akili hapa Kigoma miaka 27 kabla sijastaafu, na maneno kama hayo sijawahi kuyapita. Kwa hiyo naanza nayo. Usisubiri mwezi ujao wala Dar es Salaam. Kesho asubuhi nenda hospitali ya Maweni, ulizia wanapohudumiwa wenye shida za afya ya akili, na useme vile vile ulivyoniandikia mimi. Usiku wa leo mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe mume, dada au wifi, na vidonge akutunzie yeye, akupe vya siku tu. Nakuomba sana, fanya hivyo kabla hujamaliza kusoma majibu mengine.

Vidonge hivyo usiviache kwa ushauri wa jirani. Mtu akikatisha amitriptilini ghafla anaweza kukosa usingizi, kupata kichefuchefu na wasiwasi, na huzuni iliyokuwa imetulia ikarudi kwa nguvu. Utafika mbele ya mwanasaikolojia ukiwa katika hali mbaya kuliko sasa. Lakini kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekueleza: dawa hiyo huongeza hamu ya kula na uzito kwa watu wengi. Hiyo nayo ni sababu ya kuitaja. Daktari anaweza kuibadilisha kwa utaratibu, akakupa isiyonenepesha sana. Ukiificha, atakusaidiaje?

Sasa swali lako lenyewe. Unayaona maongezi hayo kama mtihani wa kufaulu au kufeli, na ndiyo maana umeanza kutafuta cha kuficha. Sivyo yalivyo. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walikusanya tafiti nyingi za watu waliokuwa wakitafuta upasuaji kama wako. Katika kila watu 100, takriban 19 walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na 17 walikuwa na tatizo la kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Wanasaikolojia na madaktari utakaoonana nao wamezoea kukutana na watu kama wewe kila wiki. Na wengi wa wenye sonona hufanyiwa upasuaji, ila baada ya sonona kutibiwa. Wanaozuiwa kwa wakati huo ni wachache: aliyepotewa na fahamu za uhalisia, anayesikia sauti na bado hajatulia kwa dawa, aliyejaribu kujiua siku za karibuni, au mlevi ambaye hajaacha. Hata hao wengi huambiwa wangoje na watibiwe kwanza. Wewe huenda ukaahirishwa miezi kadhaa, na kwa jinsi ulivyoandika naona ni sawa ukiahirishwa. Uwiano wako wa uzito na urefu (BMI) ni kama 51. Tangu mwaka 1991 kipimo kilichotumiwa cha kukubaliwa upasuaji kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama presha na kisukari, na mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vikashusha hadi 35 hata bila maradhi. Kwa hiyo kwa upande wa uzito una sifa zote, na upasuaji hautakukimbia.

Nikueleze kwa nini nasisitiza ukweli. Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, tuliyelelewa naye nyumba moja Mwanga. Alikwenda kufanyiwa upasuaji nje ya nchi, ule wa kutengeneza kifuko kidogo cha chakula na kukiunganisha na utumbo chini zaidi. Hospitali hiyo siitaji. Mtu wa kumuuliza yaliyo moyoni mwake hakumwona, ila karatasi ya kutia alama ndiyo aliyopewa. Palipoandikwa pombe akatia alama ya hapana. Kumbe tangu aachike alikuwa akinywa kila jioni. Kilo zilishuka vizuri, tukashangilia. Ila baada ya upasuaji wa aina ile pombe huingia kwenye damu haraka, na glasi moja humlewesha mtu kuliko zamani. Zaidi ya hapo, chakula kilichokuwa kikimliwaza hakikuweza tena kuingia, basi faraja yote ikahamia kwenye chupa. Mwaka wa pili tulimwokota sebuleni. Sasa anaendelea vizuri, lakini mara nyingi nawaza mwezi mmoja tu wa maongezi ya kweli ungetuepusha na mengi.

Wewe pombe hukuitaja, ila tazama barua yako. Umeandika mwaka wa msiba kabla hata ya kuandika unachokula. Saa tisa usiku haliamki tumbo lenye njaa, anaamka mama aliyefiwa. Upasuaji wa kawaida siku hizi hukata kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha mfereji mwembamba. Kitakachokatwa ni mfuko, na msiba utabaki pale pale. Ukiendelea kula usiku vile, utatapika, utaumwa, na kilo zitarudi kidogo kidogo. Ukitapika siku nyingi mfululizo, vitamini B1 huisha mwilini, na mtu akachanganyikiwa kweli kweli, asijue hata njia ya kwao. Ndiyo maana wanataka kujua habari za usiku.

Watakuuliza nini? Uzito ulianza lini, umejaribu nini kuupunguza, umeelewa nini kuhusu upasuaji. Watakuuliza usingizi, hofu, pombe, bangi, kama umewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu, kama umewahi kufikiria kufa. Watauliza nani nyumbani atakuwa upande wako. Hili la mwisho lijibu kwa makini, maana huku kwetu ni zito. Mke mnene anaonekana anatunzwa. Ukirudi Kibirizi umepungua kilo 40, watu hawatauliza umefanyaje, watanong'ona kwamba umeungua, yaani una UKIMWI. Mume asipojua sababu, atayasikia hayo sokoni na kuyaamini. Kwenye shughuli watakusukumia sinia, na wewe utaweza vijiko vichache tu, ukitafuna polepole, bila kushushia maji. Wiki za mwanzo ni vyakula vya maji maji na vilainilaini, na vitamini utazimeza maisha yote. Mambo hayo hayafichiki kwa mwanamume mnayelala naye. Mwambie. Kama unaogopa kumwambia peke yako, omba aje siku ya maongezi, wanaruhusu na mara nyingi wanapenda.

Jambo lingine linalowafanya waulize kabla na waendelee kukufuatilia baadaye: Ontario, Kanada, walifuatilia watu zaidi ya 8,000 miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada ya upasuaji. Waliofikishwa hospitali kwa sababu ya kujidhuru waliongezeka kama nusu baada ya upasuaji, wengi wao mwaka wa pili na wa tatu, wakati kilo zimeshuka na pongezi zimekwisha. Sikutishi. Watu wengi sonona yao hupungua wakishapungua uzito, hilo nalo ni kweli. Lakini wewe umeweka maisha yako yote juu ya kisu kimoja. Magoti yatapata nafuu, presha huenda ikashuka. Mwanao hatarudi, na kuhusu yeye unahitaji mtu wa kukaa naye na kulia naye mchana, watu wakiona.

Kaka yako mwelewe, anakupenda. Kwake neno akili maana yake ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kama ilivyo kwa wengi wetu tuliokua tukitishiwa Dodoma tulipokuwa watundu. Mwambie hivi: walipima moyo wako kuona kama utastahimili usingizi wa upasuaji, sasa wanapima kama utastahimili miaka inayofuata. Hakuna anayeandikwa mwendawazimu. Na mwambie pia habari za vidonge, maana analipa yeye na ana haki ya kujua kwa nini huenda mkangoja.

Kuanzia leo weka daftari na kalamu jikoni. Ukiamka saa tisa, washa taa. Kama utakula, kula, usijipige kwa hilo. Andika saa, ulichokula, na ulichokuwa ukikiwaza ulipofumbua macho. Siku ya maongezi uende na daftari hilo, pakiti za dawa na kadi yako ya kliniki, umpe mwanasaikolojia mkononi hata kama sauti itakataa kutoka.