Nizime Runinga au Nitazame? Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Kombe la Dunia linaanza 11 Juni 2026 na maswali yamefurika. Nimechukua saba. Mengine yalikwisha jibiwa, tena zaidi ya mara moja.

Mechi za Marekani huku kwetu zitakuwa saa ngapi? (Nyakato, Igoma, Kirumba na kwingineko)

Najibu kwa mara ya mwisho. Chukua saa ya mji inakochezwa mechi, kisha ujumlishe. New York, Boston, Philadelphia, Miami, Atlanta na Toronto: jumlisha saa 7. Dallas, Houston na Kansas City: saa 8. Miji ya Mexico: saa 9. Los Angeles, San Francisco, Seattle na Vancouver: saa 10.

Mnakosea mahali pawili. Mnajumlisha kwenye saa ya Kizungu halafu mnasoma jibu kama saa ya Kiswahili, mnapotea kwa saa sita nzima. Pili, mnasahau tarehe: mechi ya saa tatu usiku Jumamosi kule Los Angeles, kwetu ni saa moja asubuhi Jumapili. Ufunguzi, Mexico na Afrika Kusini, ni Alhamisi 11 Juni saa nne usiku. Fainali ni Jumapili 19 Julai, nayo saa nne usiku. Piga picha ya skrini uihifadhi.

Nani atachukua kombe?

Sitabiri. Anayetaka utabiri anataka mkeka wa kubeti, na wa mkeka nimemjibu hapo chini.

Shikamoo. Napenda Kombe la Dunia tangu utoto, lakini safari hii nasikia aibu. Watu wetu wananyimwa visa, na Qatar tuliambiwa vibarua walikufa kwa ajili ya viwanja. Nikizima runinga nitakuwa nimesaidia? (Mabatini)

Marahaba. Aibu yako ina msingi, usikubali mtu akuambie mpira ni mpira tu. Juni 2025 Marekani iliwafungia mlango raia wa Iran na Haiti, na timu za nchi hizo zote mbili zimefuzu. Desemba 2025 ikaongeza vikwazo kwa nchi nyingine, zikiwemo Senegal, Ivory Coast na Tanzania yenyewe. Wachezaji na makocha wameruhusiwa. Shabiki ndiye anayebaki nje. Na huko Qatar mwaka 2022, katika viwanja 8 vilivyotumika, 7 vilijengwa vipya, kwa mikono ya wahamiaji waliotoka zaidi Nepal, India na Bangladesh, wakiwemo pia ndugu zetu wa Kenya na Uganda. Kwa miaka mingi walifungwa na kafala: huhami kwa mwajiri mpaka akupe ruhusa. Joto likawa kali mpaka mashindano yenyewe yakasogezwa Novemba na Desemba ili wachezaji wasiungue. Kibarua wa ujenzi hakusogezewa miezi.

Lakini kuzima runinga yako Mabatini hakumfikii yeyote. Haki za matangazo zilikwisha lipiwa zamani. Kususia kunauma pale anayesusia ana kiti cha kuacha wazi. Sisi tulikuwa nacho mwaka 1976: zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliondoka Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikufukuzwa. Mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zikakubaliana kule Gleneagles kukatisha tamaa michezo na Afrika Kusini. Kususia kulizaa kitu.

Bei yake ililipwa na mwanariadha. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker wa New Zealand akimfuata nyuma. Dunia ilisubiri wakutane Montreal. Hawakukutana, na Walker akachukua dhahabu. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na naamini Bayi alidhulumiwa. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana sikuambii uitoe hiyo aibu moyoni. Tazama, nayo ikiwepo.

Kama unataka ifanye kazi, ielekeze inakosikika. AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na uwanja mpya unajengwa Arusha. Muulize mbunge wako maswali yaleyale tuliyowauliza Waarabu: vibarua wana mikataba ya maandishi? Wana kofia na buti? Aliyeumia analipwa na nani? Baada ya fainali uwanja utatunzwa kwa fedha ya nani? Manaus, Brazil, walijenga uwanja wa Kombe la Dunia la 2014 katika mji usio na timu ya daraja la kwanza. Hayo yaulizwe sasa, zege likiwa bado bichi.

Sisi ni wavuvi wa dagaa, usiku tuko ziwani. Mechi gani tutaziona? (Igombe)

Fuateni mwezi. Mbalamwezi kamili itakuwa usiku wa kuamkia 30 Juni, siku ambazo taa zenu hazivuti dagaa na mitumbwi inakaa nchi kavu. Hatua ya 32 bora ni kuanzia 28 Juni hadi 3 Julai, kwa hiyo hiyo ni zawadi yenu. Fainali itawakuta kwenye giza, siku tano tu baada ya mwezi mpya wa 14 Julai. Mkiingia ziwani usiku huo, chukueni redio ndogo ya betri. Simu inavuta macho ya watu wote kwenye kioo, na upepo wa ziwa haungoji mapumziko. Mmoja abaki anaangalia maji, na kila mtu avae jaketi lake la kuokolea, asilikalie.

Bila mkeka mechi hainogi. Kuna ubaya gani nikiweka elfu moja? (Buzuruga)

Tufanye hesabu. Mechi ina odi, yaani mara ambazo fedha yako huzidishwa ukishinda: 2.50 mwenyeji, 3.20 sare, 2.80 mgeni. Gawa 1 kwa kila odi, ujumlishe: 0.40, 0.31 na 0.36 zinafika 1.07. Haki ingekuwa 1 kamili. Hiyo 0.07 ni ya kampuni, mechi iishe inavyoisha. Sasa wewe huweki mechi moja, unaunganisha kumi, na kila mechi inakatwa upya. Kwa mechi kumi za namna hiyo, thamani ya elfu yako imebaki kama mia tano kabla mpira haujaanza. Mkeka haukuchanika kwa sababu ya kipa, ulichanika ulipoubonyeza.

Kuna hasara nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi. Cape Verde, visiwa vyenye watu wachache kuliko mkoa wetu wa Mwanza, wanacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na kijana wa Buzuruga atakuwa anaomba wafungwe ili mkeka utiki. Hilo linanisikitisha kuliko elfu yako.

Kuna faida gani kushangilia mkimbiaji ambaye kesho atakutwa na dawa za kuongeza nguvu?

Shangilia, ukijua matokeo ya riadha hayaishi kwenye utepe. Sampuli zinaweza kuhifadhiwa na kupimwa upya hadi miaka 10. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2:09:56, rekodi ya dunia ya wanawake. Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3. Kwa kuwa sampuli iliyomponza ilichukuliwa Machi 2025, rekodi ya Chicago haikuguswa. Utata huo unaumiza, lakini ni dalili kwamba wapimaji wako kazini. Mchezo usiokamata mtu ndio wa kuogopa.

Picha inakatika kila mechi kubwa. Ni mawingu ya ziwa? (Mwaloni)

Juni na Julai ni kiangazi, usiyasingizie mawingu. Upepo umesogeza dishi, au kiungio cha waya kimeota kutu kwa unyevu. Kaza nati za nguzo. Fungua kiungio kwenye kichwa cha dishi. Ukiona kijani au weupe, kata waya kama sentimita 3, vua upya, funga kiungio kipya, zungushia utepe wa mpira. Kisha fungua ukurasa wa mawimbi kwenye kingamuzi, lisogeze dishi kidogokidogo mpaka ubora upande. Fanya hivyo mchana. Na ukiwa unatazama kwa simu, jirani akashangilia goli kabla yako, huo si ugonjwa wa dishi: anayetazama kwa simu huchelewa, wakati mwingine nusu dakika, kwa sababu picha ya intaneti hukusanywa vipandevipande kwanza.

Katika maswali yote yaliyonifikia hakuna hata moja lililomtaja Alphonce Simbu. Septemba 2025 alishinda marathoni ya dunia Tokyo, saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde mlangoni kabisa. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kule ilikuwa asubuhi, huku usiku wa manane, na mabanda umiza ya kutazamia mpira yalikuwa yamefungwa. Olimpiki ya Los Angeles inafunguliwa 14 Julai 2028. Saa za kujumlisha ni 10.