Mgeni Hapewi Maji Matupu: Ninavyotengeneza Maji ya Gesi Hapa Kisumu

Baba mkwe wangu ni mkulima wa miwa kule Muhoroni. Sukari ndiyo iliyowasomesha watoto wake, mume wangu akiwemo, na kwa miaka mingi haikukosa kwenye kikombe chake. Alipoambiwa ana kisukari, chai ya bila sukari aliizoea baada ya wiki chache tu. Kilichomshinda ni soda. Si kwamba aliipenda mno, ni kwamba kila nyumba aliyoingia aliwekewa. Mzee wa heshima akifika, mtoto anatumwa dukani mbio, chupa inafunguliwa mbele yake, na kuikataa ni kama kukataa mkono aliopewa.

Huja Kisumu kwa kliniki kila mwezi, anakula mchana kwetu Migosi, kisha anarudi na matatu ya jioni. Mwezi wa kwanza baada ya kupata habari ile nilimwekea jagi la maji yaliyochemshwa. Alikunywa nusu glasi akasema, "Asante, nyathina (mwanangu). Maji kama haya nimeshameza nayo dawa asubuhi." Hakusema kwa ubaya. Lakini niliona aibu, maana watoto wangu walikuwa meza ile ile na soda zao, na yeye ndiye aliyekuwa mgeni.

Usiku ule nilijiuliza soda ina nini hasa ambacho maji hayana. Ina ubaridi. Ina gesi inayochoma ulimi. Ina harufu ya tunda na rangi ya kupendeza. Halafu ina sukari. Nikaona kwamba katika yote hayo, kitu kimoja tu ndicho kinachomdhuru, na vingine vyote naweza kumpa.

Hesabu ya sukari yenyewe ilinishtua nilipoanza kusoma maandishi ya nyuma ya chupa. Kola nyingi zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina zaidi ya gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 13. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa na ile ya juisi isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja inamaliza posho ya siku mbili. Na nilikuwa nawapa watoto kila Jumapili nikidhani nawatendea wema.

Nilijaribu njia kadhaa kabla ya kutulia na moja, na kila niliyoiacha niliiacha kwa sababu.

Ya kwanza ni ile ya jikoni ya haraka: nusu kijiko cha chai cha baking soda kwenye glasi, unakamulia ndimu, inatoa povu, unakunywa. Ni rahisi, haina mashine, na kwa dakika moja utadhani umepata ulichotaka. Lakini baking soda ni sodiamu. Nusu kijiko kina takriban miligramu 600 zake, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka tusivuke kwa siku ni miligramu 2,000. Baba ana presha pia, kama ilivyo kwa wengi wenye kisukari. Glasi tatu za namna hiyo mchana mmoja zingemdhuru kwa mlango wa nyuma. Tena ladha yake inabaki na uchumvi wa sabuni. Hii sikushauri kabisa.

Ya pili ni ya kuchachusha, na hii niliipenda kwa moyo wote. Unachemsha tangawizi iliyokwaruzwa pamoja na mchaichai, unachuja, unaacha ipoe kabisa. Kwenye chupa ya plastiki ya lita mbili unatia vijiko vinane vya chai vya sukari na robo kijiko cha hamira, unajaza chai yako ya tangawizi ukiacha nafasi ya vidole vinne juu, unafunga. Hamira inakula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, ile ile iliyomo kwenye soda. Ndiyo gesi ambayo Mwingereza Joseph Priestley aliiingiza kwenye maji mwaka 1767, alipoyaweka juu ya pipa la bia iliyokuwa ikichacha huko Leeds. Kwa joto la Kisumu usiku mmoja na mchana wake unatosha. Unaibonyeza chupa kwa kidole. Ikiwa ngumu kama soda ambayo haijafunguliwa, inaingia kwenye friji papo hapo. Hata kama hamira haikula chochote, sukari uliyotia ni gramu 16 kwa lita, wakati kola ina zaidi ya 100.

Hapa nikuombe jambo moja, na nakuomba kwa uchungu. Usitumie chupa ya glasi. Mimi nilitumia, kwa sababu ilikuwa nzuri machoni, nikaisahau kabatini siku tatu. Ilipasuka saa nane za usiku. Vipande vilifika hadi mlangoni, mahali ambapo mwanangu mdogo husimama kila asubuhi akisubiri uji. Plastiki inavimba na kukuonya. Glasi haionyi mtu.

Pamoja na uzuri wake, njia hii nayo sikuweza kumpa Baba. Hamira inapotoa gesi inatoa na kileo, kidogo, kwa vipimo hivi kisichozidi kama asilimia moja. Kwa wengine si kitu. Baba ni Msabato, na sikutaka kumnywesha mzee kitu ambacho angekikataa kama angejua kilivyotengenezwa. Jirani yangu Mwislamu naye nilimweleza wazi kabla hajaonja. Ukiitengeneza, waambie watu, na watoto wape vingine.

Ndipo nikaingia kwenye gesi yenyewe. Zipo njia mbili: mashine ya mezani yenye mtungi wake mdogo, au chupa ya sifoni, ambayo ni chupa nene ya chuma unayoifunga na kuifyatulia kitungi cha gesi cha gramu 8, kimoja kwa lita moja ya maji. Mimi nilianza na sifoni iliyotumika na bado ninayo. Mashine inapendeza nyumba yenye watu wengi, ila kabla ya kulipa muulize muuzaji mtungi ukiisha unabadilishiwa wapi, na kwa bei gani. Kama jibu ni la kubabaisha, acha. Mashine bila mtungi ni pambo tu.

Ukinunua vitungi vya sifoni soma maandishi yake kwa makini. Kuna vingine vinafanana navyo kama pacha lakini vina gesi ya kupigia krimu ya keki, na hiyo sio ya maji. Unataka vilivyoandikwa CO2, yaani kaboni dioksidi. Wala usikubali fundi yeyote akuunganishie mtungi mkubwa wa kiwandani kwa mipira ya kubahatisha. Msukumo wake ni mkubwa kuliko wa gesi ya kupikia. Ilinifurahisha kujua kwamba gesi hii hapa Kenya huchimbwa ardhini, kwenye msitu wa Kereita kule Uplands. Nilikuwa nikidhani ni kitu cha kutoka ng'ambo tu.

Sasa siri, ambayo ilinichukua vitungi vingi kuijua: ubaridi unakuja kabla ya gesi. Mara za kwanza nilichukua maji ya kwenye ndoo, nikafyatua gesi, nikapata maji yanayotoa vipovu viwili vitatu na kunyamaza. Nikafikiri nimeuziwa vitungi vibovu. Kumbe maji baridi hushika gesi na maji ya moto huifukuza. Maji ya nyuzi 4, ya kwenye friji, yanaweza kubeba karibu mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 25, na hapa Kisumu maji ya ndoo saa sita mchana yako juu ya hapo. Kwa hiyo maji yangu hulala kwenye friji usiku mzima, na sifoni yenyewe nailaza humo. Baada ya kufyatua gesi naitikisa vizuri kama nusu dakika, naiacha itulie dakika kumi kwenye friji, ndipo namimina. Tofauti yake ni ya mchana na usiku.

Maji yenyewe yawe salama kwanza. Gesi haiui vijidudu, kwa hiyo chemsha, na barafu nayo itoke kwenye maji yaliyochemshwa. Hapo ndipo wengi tunapojisahau: tunachemsha ya kunywa, kisha tunatumbukiza barafu ya maji ya bomba. Nikiwa mzaliwa wa Nakuru nina neno pia kwa watu wa kwetu, na wa Gilgil na Naivasha. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ndiyo hiyo iliyotupaka meno madoa ya kahawia tangu utotoni. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kukolea. Mama alitukingia maji ya mvua kwa ajili ya kunywa, na hadi leo nayaona bora. Zipo pia chujio za mkaa wa mifupa, ambazo Jimbo Katoliki la Nakuru limezitengeneza kwa miaka mingi kwa ajili ya tatizo hilo hilo.

Kwenye ladha ndiko ninakostarehe. Kanuni ni moja: gesi iingie kwenye maji matupu, tunda lije baadaye, kwenye glasi. Ukitia juisi ndani ya sifoni kabla ya gesi, povu litatoka kwa nguvu hadi kwenye dari, na sukari ya tunda itaziba kifyatulio. Weka ladha chini ya glasi, inamisha glasi kidogo, mimina maji taratibu pembeni. Ukikoroga sana gesi inakimbia.

Pasheni ndiyo mwalimu mzuri wa kuanzia. Vijiko viwili vya mezani vya juisi yake iliyochujwa kwenye glasi ya mililita 250 vinatosha kabisa, kwa sababu harufu yake ni kubwa kuliko utamu wake. Ni kama gramu 4 za sukari, kijiko kimoja cha chai, na niliitaja kwa muuguzi wa kliniki ili ihesabiwe katika mlo wa Baba. Juisi ya tunda nayo ni sukari, tusidanganyane kwa sababu imetoka shambani. Tangawizi na mchaichai havina hesabu hiyo: navichemsha robo saa hadi maji yawe makali, napoza, natia vijiko vitatu vya mezani na tone la ndimu. Matango na minti ni kwa siku za joto kali, vipande vinne na majani matano, ukiyapiga kidogo viganjani kwanza. Msimu wa zambarau, ambazo hapa Kisumu tunaziita jamna, nachemsha kiganja kimoja kwa maji kidogo, nachuja, na rangi inayotoka watoto hugombania glasi.

Lakini iliyomshika Baba ni ya ukwaju. Waluo wanauita chwaa na wameutia kwenye uji tangu zamani, kwa hiyo ladha ile aliijua kabla ya soda yoyote kufika kijijini. Naununua soko la Kibuye Jumapili, naloweka kiasi cha yai kwenye kikombe cha maji vuguvugu nusu saa, nafikicha, nachuja. Vijiko viwili vya mezani chini ya glasi, kipande cha tangawizi, na maji ya gesi juu. Alipokunywa mara ya kwanza aliishika glasi akaitazama, akaniuliza kama hii nayo inauzwa. Nikamwambia imetoka jikoni. Akaomba nyingine.

Hata usipokuwa na friji wala sifoni, bado njia ipo. Madukani kuna maji ya gesi yasiyo na ladha, yanauzwa karibu na soda. Hakikisha tu kwenye karatasi yake sukari ni sufuri, maana tonic na soda ya ndimu hufanana nayo na zina sukari. Yanunue yakiwa baridi, uende na ladha yako.

Mwenye kiungulia aonje kidogo kwanza, maana gesi humrudishia asidi kooni. Na kwa kuwa ndimu na ukwaju ni vikali kwa meno, kwetu tunakunywa pamoja na chakula, si kutwa nzima, na hatupigi mswaki mpaka nusu saa ipite.

Siku za kliniki sasa zina utaratibu wake. Chupa mbili za maji zinaingia kwenye friji jioni ya kuamkia, ukwaju unalowekwa asubuhi samaki wakikaangwa, na sifoni haifyatuliwi mpaka Baba apige simu kusema ameshatoka hospitali na yuko kwenye bodaboda. Anapofika mlangoni na kuvua kofia, povu bado liko juu.