Maswali ya Wasomaji: Kikundi chetu kinataka kusaidia watoto hospitalini

SWALI: Sisi ni akina mama 30 wa Uyole, Mbeya, tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Tumesikia kuna umoja wa wanawake Marekani ambao umesaidia hospitali za watoto kwa zaidi ya miaka mia. Pasaka tulipeleka wodini biskuti, sabuni, maziwa ya kopo na nguo za mtumba, lakini wauguzi walipokea sabuni tu. Tulikosea wapi, na tuanzie wapi sasa?

JIBU: Umoja mliousikia bila shaka ni Daughters of the Nile, ulioanzishwa Seattle mwaka 1913 na wanawake 22. Wanasaidia hospitali za Shriners (chama cha kindugu cha wanaume huko Marekani), ambazo ya kwanza ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1922, na ambazo hutibu watoto wenye matatizo ya mifupa, viungo na majeraha ya moto bila kujali kama familia ina uwezo wa kulipa. Wanachanga fedha, wanashona nguo na mablanketi, wanajitolea. La kuiga kwao ni kwamba walichagua watoto wa aina moja wakakaa nao, mwaka hadi mwaka.

Kuhusu Pasaka, wauguzi walifanya sawa. Maziwa ya kopo yakigawiwa wodini, mtoto hunyonya kidogo, na maziwa ya mama hupungua kwa sababu hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya. Kopo likiisha, mama hana fedha ya jingine. Mtumba ambao haujafuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi haufai kuingia kwenye wodi ya wagonjwa. Kabla ya kununua chochote, mwoneni muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha andikeni barua kwa uongozi wa hospitali. Mkabidhi vitu kwa orodha, nakala mbili, zote zisainiwe.

Sasa, kama mnataka kazi ya kudumu, ushauri wetu ni nauli za watoto wenye miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa. Mtoto hufungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kunyoosha mguu, nalo hubadilishwa kila wiki, mara 5 hadi 7 kwa wengi. Kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, na hogo la mwisho hukaa wiki 3. Baada ya hapo huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi afike miaka 4 hivi.

Mama anayetoka Chunya au Ileje huishiwa nauli katikati ya safari hizo. Mguu uliofungwa hogo mara tatu kisha ukaachwa hurudi kupinda. Mkichanga sh. 1,000 kila mmoja kwa wiki, mna 120,000 kwa wiki nne. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 15,000: hizo ni safari nane, yaani watoto wawili kila wiki bila kukosa. Anzeni na wawili. Kuahidi watano mkaishia njiani kunaumiza zaidi.

Majina yatoke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msitoe nauli ya wiki zote kwa mkupuo, maana nyumbani kuna njaa na ada, na fedha itakwenda huko. Mama akifika kliniki apewe ya kurudi leo na ya kuja wiki ijayo, asaini au aweke dole gumba. Fedha ya watoto ikae kwenye akaunti tofauti na ya mikopo, yenye watia saini watatu, na kila kutoa kuhitaji wawili.

Hatua inayoharibu wengi ni ya viatu. Mguu umeshanyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mvueni. Hapo fedha haitoshi; inahitajika sauti. Mgawane akina mama hao, kila mwanakikundi ampigie wake kila wiki na kuuliza: bado anavaa? Vimembana? Vidogo havivaliki, na mtoto hukua haraka.

SWALI: Sina fedha, ila najua kufuma. Kofia za watoto njiti zinahitajika? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Sana, hasa Juni na Julai kwenye baridi yetu. Tumia uzi laini unaofulika, mzunguko wa sm 26 hadi 32, bila vifungo wala kamba. Fua, kausha, funga kwenye mfuko safi.

SWALI: Na damu? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Malaria kali humaliza damu ya mtoto mdogo haraka, kwa hiyo ni msaada mkubwa. Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, usiwe mjamzito wala unayenyonyesha. Mwanamke huchangia kila baada ya miezi 4, mwanaume 3. Kama mko kwenye kikundi, mjigawe makundi manne, kila mwezi kundi moja liende, ili damu isije yote siku moja: ikihifadhiwa, chembe nyekundu hudumu wiki chache tu. Kula na kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda.