Maswali na majibu: gari-nyumba lisilotembea sana

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo humo humo. Karibu zote zinafanana kwa jambo moja: gari limetembea kidogo, limesimama sana. Nimejibu nikilizingatia hilo, maana ratiba ya matengenezo inayohesabu kilomita peke yake haiwafai watu hawa.

*Tangu nibadilishe oili nimetembea kilomita 2,000 tu, na mwaka umeisha. Oili bado inaonekana safi. Niimwage kweli?*

Imwage, na filta uibadilishe hapo hapo. Injini ikiwaka, mvuke wa maji na masalia ya mafuta yaliyoungua hupenya na kuingia kwenye oili. Safari ndefu huipa oili joto la kutosha, unyevu ukatoka. Gari linalowashwa dakika tano uani kisha likazimwa halifiki kwenye joto hilo. Unyevu unabaki, asidi inajengeka, na asidi inakula beringi za injini. Rangi ya oili haikwambii lolote kuhusu hayo. Angalia kitabu cha gari lako: mara nyingi kimeandika idadi ya kilomita au miezi 12, lolote litakalotangulia. Kwako imetangulia miezi. Na ile tabia ya kuliwasha kila wiki lingurume kidogo, iache. Ama liendeshe barabarani nusu saa au zaidi mpaka injini na giaboksi zipate moto, ama liache limezimwa.

*Tairi zangu zina miaka minane lakini kashata (meno ya tairi yanayoshika barabara) bado ni nzito kabisa. Kuna haja ya kuzitupa?*

Ipo, na swali hili ndilo ninaloomba kila mwenye gari-nyumba alisome mara mbili. Tairi za magari haya huzeeka kabla hazijaisha. Mpira hukauka kwa jua na hewa, na tairi iliyosimama chini ya mzigo ule ule miezi mingi hukauka vibaya zaidi kuliko inayozunguka. Kashata inaweza kuwa nzima huku matabaka ya ndani yameanza kuachana, nawe usijue mpaka tairi ipasuke kwenye mwendo. Mafundi wengi hushauri zibadilishwe zikifika miaka sita au saba, na watengenezaji kadhaa wa tairi huweka miaka kumi kuwa kikomo hata kama zinaonekana mpya.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huenda upande wa nje ukaona herufi bila tarakimu hizo, kwa kuwa zimeandikwa upande mmoja tu. Hapo huna budi kuingia chini ya gari na tochi. Ukiwa huko chini, pitisha kidole ubavuni mwa kila tairi. Ukihisi mipasuko inayonasa ukucha, usisubiri miaka itimie.

Kama nyuma una tairi pacha, yaani mbili mbili kila upande, ile ya ndani ndiyo ya kuogopwa. Ikiishiwa upepo, ya nje inabeba mzigo wa mbili, inapata moto na kupasuka, wakati kwa macho ulikuwa ukiziona zote zimesimama vizuri. Kuipiga teke hakukuonyeshi kitu. Funga mpira wa kurefushia valvu ili kipimo kifike, na upime asubuhi kabla gari halijatembea. Kiasi cha upepo kinategemea uzito, kwa hiyo lipeleke gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama la safari, ekseli moja moja. Tanki la maji la lita 100 peke yake ni kilo 100, na watu hulisahau.

*Nikishuka mlima mrefu pedali ya breki inalainika na kuzama. Nikipumzika chini inarudi sawa. Fundi ameangalia, anasema pedi ni nzima.*

Usilipeleke tena mlimani mpaka mafuta ya breki yabadilishwe. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa kiwango cha DOT 4 (hii ni daraja la mafuta ya breki, si ile alama ya tairi), mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinaruhusu kikomo hicho cha kuchemka kishuke hadi 155. Gari la tani kadhaa likiteremka kwa breki tupu linafika huko bila shida. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hugandamizika, ndipo mguu unazama bila breki kushika. Yakipoa mapovu yanapotea, kwa hiyo fundi wako hakukuta kitu. Yabadilishwe kila miaka miwili. Magurudumu yafunguliwe pia, pistoni za breki ziangaliwe kama hazijashikwa na kutu. Na mteremko uanze kwa gia ndogo tangu juu. Usingoje mwendo uchanganye.

Mwenye breki za upepo ana kazi nyingine: kumwaga maji yanayokusanyika kwenye mitungi ya upepo.

*Betri zangu hazimalizi mwaka. Alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, imepimwa, ni nzima.*

Zinafia kwenye maegesho. Kengele ya gesi, redio na vifaa vya jikoni hunyonya umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Betri ya maji ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikikaa chini ya 12 bati zake za ndani huanza kuganda salfati, ukoko mgumu unaozuia chaji, na haitarudi ilivyokuwa. Chomoa waya wa hasi kabla ya kuliegesha muda mrefu, au funga chaja inayojizima yenyewe. Fanya hivyo kwa betri zote, ya stata na zile za nyumba. Kama zina vifuniko vya kufungua, ongeza maji yaliyosafishwa, kamwe si maji makali.

*Injini yangu iko nyuma. Inachemka kwenye milima ingawa rejeta imesafishwa juzi.*

Imesafishwa upande gani? Kwenye magari mengi ya aina hii bomba la kupumulia injini hutoa ukungu wa oili, feni inaupuliza kwenye rejeta, vumbi la barabarani linanasa humo. Utando unaanzia upande wa injini, ambao huuoni ukisimama nyuma ya gari. Fungua mfuniko wa injini uliomo ndani, mulika kwa tochi. Ukikuta mapezi, zile bati nyembamba za rejeta, yamevaa tope la mafuta, pulizia sabuni ya kukata grisi, iache ilowe, suuza kwa maji ya kawaida. Mashine ya presha itakunja mapezi. Kisha mwambie fundi arefushe bomba hilo lipite rejeta.

*Jenereta inawaka lakini inapanda na kushuka resi.*

Petroli imelala humo, ikaacha gundi kwenye kabureta. Isafishwe. Baadaye iwashe kila mwezi, nje penye hewa, na uipe mzigo wa karibu nusu ya uwezo wake; kuiwasha tupu hakusaidii. Oili yake huhesabiwa kwa saa za kufanya kazi, soma mita yake.

*Baada ya kubadilisha tairi, fundi aliniambia nirudi akaze nati. Ni lazima?*

Ni lazima. Rudi baada ya kilomita 80 hadi 100, zikazwe kwa spana yenye kipimo. Kama huwezi kurudi kwake, simama kwa fundi yeyote mwenye spana hiyo na umwonyeshe kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.