Mfenesi unaoangusha vifenesi vyeusi: usiukate

Kuna dada wa Mtwapa ameuliza hapa: mfenesi wake umeanza kuzaa mwaka huu, lakini vifenesi vikifika ukubwa wa kidole gumba vyageuka vyeusi, vyaota ukungu, vyaanguka. Muuza dawa amemwambia apulize kila wiki. Jirani naye amemwambia mti ni dume, aukate.

Dada yangu, panga liweke na pesa ya dawa usiitoe. Mfenesi hauna mti dume na mti jike. Huyo jirani nadhani amechanganya na mpapai. Mfenesi mmoja hubeba maua dume na maua jike pamoja, na hivyo vinavyokuangukia, kwa unavyovieleza, vingi ni maua dume tu. Kazi yake ni kutoa chavua. Yakishamaliza huwa meusi, yakaota ukungu, yakaanguka, na hakuna dawa itakayoyageuza kuwa mafenesi. Mti unaoanza kuzaa ndio hutoa dume zaidi. Msimu wa kwanza waweza kuona dume tupu.

Wangu uko nyuma ya nyumba hapa Kisauni, na hata watoto wa mtaani washajua kuyatofautisha. Dume ni jembamba, kikonyo chembamba, na ngozi yake ni laini. Huonekana sana kwenye vitawi vya juu, ingawa hata shinani hutokea. Likipevuka lipitishie kidole: utabaki na unga wa manjano na harufu tamutamu. Jike lina kikonyo kinene, na pale kikonyo kinapoungana na kifenesi pana pete iliyotuna, huwezi kuikosa. Huota zaidi kwenye shina na matawi mazito. Litazame kwa karibu utaona ncha ndogondogo zimechomoza mwili mzima. Kila ncha ni ua lake peke yake. Piga picha ya kikonyo uiweke hapa, tutakwambia.

Na usiyachume hayo dume eti kusafisha mti. Kila kipande cha manjano unachokula ndani ya fenesi kimetokana na ua lililopata chavua. Yaliyokosa ndiyo zile nyuzi tunazozitupa. Ukiona fenesi limepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umebonyea, mara nyingi ni chavua haikufika huko.

Wasiwasi uwe pale jike lenyewe linapooza, hasa wakati wa masika. Hapo ukungu ni ugonjwa kweli. Okota vyote vilivyoanguka ukavifukie mbali, punguza vitawi vya ndani upepo upite, na vifenesi vikisongamana mahali pamoja bakisha kimoja au viwili. Halafu angalia maji ya kufulia yanaelekea wapi. Mfenesi hauvumilii kabisa maji kutuama kwenye mizizi. Waweza kunyauka mti mzima ukadhani umerogwa.

Jike likishika, subira. Toka ua mpaka kuiva ni miezi mitatu mpaka sita. Mimi langu likikua hulivisha gunia, maana hawa kunguru wetu wa Mombasa hawasubiri mwenye mti. Lililokomaa ukiligonga hutoa mlio mzito wa uwazi, miiba yake hupanuka na kulala, na rangi huanza kuacha ukijani. Likate hapo, limalizie kuiva ndani. Ukingoja linukie mtini, ujue kuna wenzio washalisikia. Na jipange na kamba, usiliache lianguke. Fenesi huweza kupita kilo 50, ingawa mengi ya kwetu hayafiki huko.

Kupasua: paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla, si baada. Ule utomvu ndio watoto walikuwa wakiutegea ndege, sabuni peke yake haiuwezi. Ukishaganda, mafuta ya taa.

Kokwa usitupe. Chemsha na chumvi au zichome kwenye makaa, menya ganda, kula na chai; mimi nazipenda kuliko tunda lenyewe, na nyumbani wananiona sina akili. Mbichi haziliwi. Ukitaka kuzipanda, zipande mbichi vilevile siku hizohizo, usizianike, maana zikikauka hazioti. Bora zaidi uzipande mahali pa kudumu: mzizi wake mkuu huenda chini haraka na haupendi kuvurugwa. Mti wa kokwa hukuweka miaka mitatu mpaka minane, kwa hiyo huyo wako ulioanza kutoa maua usimruhusu mtu kuusogelea na shoka.