Kwa baharia mpya wa boti za jodari: breki, lida na barafu

Kijana anayepata kibarua kwenye boti za kukodi za Watamu, Malindi au Shimoni mara nyingi bahari anaijua tayari. Amekua na mshipi wa mkono, bamvua anaielewa, na kundi la sehewa hulitambua kwa mbali. Kinachomsumbua ni vifaa vya rodi, yaani fimbo ya kuvulia, na lile la kwamba mvutaji si yeye. Mgeni amelipa ili avute mwenyewe. Wewe unaandaa mapema, halafu unangoja hadi mita chache za mwisho.

Jodari wa mapezi ya manjano hupatikana vizuri kuanzia Agosti hadi Oktoba, kusi inapolegea. Kaskazi ikishika, kuanzia Novemba, sulisuli huongezeka. Msimu ndio unaoamua kinachofungwa kwenye rodi, kwa hiyo muulize nahodha jioni, usimngoje alfajiri.

Anza na breki ya rili, yaani kile kinachozuia gurudumu la uzi lisiachie ovyo, maana hapo ndipo samaki wengi wakubwa hupotea. Kanuni ni theluthi ya nguvu ya uzi, au pungufu kidogo. Kwa uzi wa ratili 50, yaani kilo 24 hivi, breki iwe kilo 7 hadi 8 mkono wa breki ukiwa kwenye kituo cha kuvulia. Kupima kwa kuvuta uzi na vidole ni kubahatisha. Pitisha uzi kwenye pete zote za rodi, ufunge kwenye mizani ya ndoana, mwenzako ashike rodi kana kwamba anavuta samaki, nawe uvute mizani hadi rili ianze kuachia. Ukipima kwenye rili peke yake utapata namba ndogo kuliko mzigo halisi, kwa sababu msuguano wa pete huongeza uzito.

Tena uzi unavyokwenda, breki hukaza yenyewe. Mviringo wa uzi kwenye rili ukipungua hadi nusu ya upana wake wa mwanzo, mzigo umekuwa mara mbili na wewe hujagusa kitu. Jodari anaposhuka moja kwa moja kuelekea kilindini, mgeni huona uzi unakwisha, akataka kukaza. Mzuie, kwa adabu lakini bila kusitasita. Hapo nafuu ni kulegeza kidogo. Jioni rudisha breki sifuri kabisa, la sivyo visahani vyake hugandana na kesho yake rili huachia kwa kushtuka, na mshtuko huo ndio unaokata uzi. Rili ioshwe kwa maji baridi ya kumwagika taratibu. Mpira wenye presha husukuma chumvi ndani.

Lida ni kile kipande cha mwisho kati ya uzi na ndoana; ya nailoni nene inatosha kwa jodari, ambaye ana macho makali na waya huukwepa. Waya uweke kwa ajili ya nguru, ambaye meno yake hayabakishi nailoni. Mirija ya kubania lida ilingane na unene wake, nawe ubane katikati tu. Ukibana hadi ukingoni, mdomo wa mrija huwa kisu, na lida hukatika siku samaki mkubwa atakaposhika. Baada ya kila samaki, pitisha vidole kwenye mita tatu za mwisho za uzi. Ukihisi ukwaruzo, kata ufunge upya. Hakuna mabishano hapa.

Chambo bandia hurambazwa kwa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 7 hadi 9. Kwa kawaida mishipi mitano inatosha: miwili mifupi ya pembeni, mmoja mita 12 hivi na wa pili 20, miwili ya kwenye fito ndefu zinazotokeza ubavuni mwa boti, mita 30 hadi 40, na mmoja wa katikati nyuma kabisa. Mita hizo ni za kuanzia tu. Unachotazama ni chambo kukaa usoni mwa wimbi la nyuma ya boti, kikizama na kuibuka huku kikiacha mkia wa mapovu. Kikirukaruka hewani, kisogeze wimbi moja nyuma, au nahodha apunguze mwendo. Kikiokota mwani, kipo hakipo ni mamoja, kwa hiyo vitazame kila dakika chache.

Ndege wakizama baharini kwa wingi, au pomboo wakienda kwa kasi upande mmoja, jodari huenda wako chini yao. Boti isipite katikati ya kundi, samaki watazama. Hupita pembeni na mbele yao, kisha hukunja ili chambo ndivyo viguse ukingo wa kundi.

Mmoja akishika, usikimbilie kuondoa mishipi yote. Jodari hutembea kwa makundi, na sekunde chache za kuendelea mbele huleta wa pili na wa tatu. Baadaye ondoa mishipi mifupi kwanza. Jodari aliyechoka huzunguka chini ya boti kwa duara. Mgeni azungushe rili samaki anapokuja upande wa boti na ashikilie tu anapokwenda. Nahodha husogea mbele polepole ili uzi usifike kwenye pangaboi.

Sasa mikono yako. Vaa glavu. Zungusha lida mara mbili kwenye kiganja, mzunguko wa pili ukae kando ya wa kwanza, kamwe usiupande, ili ukifungua vidole itoke yenyewe. Lida iliyovutwa irudi majini, isijilimbikize miguuni, kwa sababu samaki akipiga mbio tena itamchukua mtu kwa kifundo. Upembo, ile fimbo yenye ndoana kubwa ya kumpandishia samaki, upige kichwani. Ukipiga kiunoni umeharibu nyama ya bei, na samaki bado ana nguvu za kuupokonya. Kama mgeni anatafuta rekodi ya IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa michezo, urefu wote wa upembo usizidi mita 2.44, na mtu mwingine akigusa rodi au uzi wakati wa kuvuta, rekodi imekufa. Lida ndiyo unayoruhusiwa kuishika.

Jodari ana damu ya moto kuliko samaki wengi, na baada ya vita mwili wake umechemka. Mchome ubongoni, kwenye sehemu laini katikati ya macho. Kata vidole viwili au vitatu nyuma ya shina la pezi la ubavuni, pande zote mbili, kina cha sentimita 2 hivi, damu itoke. Ondoa matumbo na matamvua, umtie kwenye uji wa barafu: barafu mafungu mawili, maji ya bahari fungu moja. Barafu tupu isiyo na maji, ikiwekwa juu ya ngozi, haipoozi upesi hivyo. Jodari aliyeachwa juani hujenga histamini, ambayo hata kupikwa haiondoi, na mlaji huwashwa, huvimba uso na kuumwa kichwa.

Sulisuli habari yake ni nyingine, kwa kuwa huachiwa. Tumia ndoana za duara, na mgeni asikwanyue: amwache samaki aondoke na chambo, kisha mkono wa breki usukumwe taratibu ndoana ijishike pembeni mwa mdomo. Usimpandishe kwenye sitaha kwa ajili ya picha. Mshike mdomo mrefu kwa glavu, matamvua yakiwa majini na boti ikitambaa, hadi apige mkia kwa nguvu zake. Akiwekwa alama ya utafiti kabla ya kuachiwa, kadi yake ijazwe pale pale, kabla makadirio ya uzito hayajaanza kunenepa, kisha ipelekwe kwa African Billfish Foundation, shirika la utafiti wa samaki hao, pale Watamu.

Na habari ya mgawo wa samaki imalizwe gatini kabla ya kamba kufunguliwa. Mgeni ajue kama samaki ni wa boti au ni wake, na kipande gani atakwenda nacho hotelini.